Samadi au mbolea ya dukani? Ulinganisho kwa anayepanda maharage kwenye ndoo na viroba

Kila anayepanda maharage kwenye ndoo au kiroba hufika mahali pa kuchagua: atie samadi, au aende duka la pembejeo akapimiwe DAP, mbolea ya viwandani ya kupandia? Ushauri haukosekani. Mfugaji atakusifia samadi, mwenye duka atakusifia mfuko wake, na kila mmoja anasema kweli kwa shamba analolijua. Ila ndoo ina mambo yake. Shambani mzizi ukikutana na mbolea kali hupenya upande mwingine, na udongo mwingi ulioko pembeni hupunguza makali ya makosa yetu. Kwenye lita 20 za udongo mzizi hauna pa kukimbilia. Kijiko kimoja cha ziada kinatosha kuchafua chombo kizima, na kikipungua hakuna mahali pengine mmea utakapojitafutia.

Hapa naziweka pande mbili mezani. Upande mmoja ni mbolea za asili: samadi ya ng'ombe au mbuzi, mbolea ya kuku, mboji, mbolea ya minyoo. Upande wa pili ni za viwandani, zile ambazo wakulima wengi bado wanaziita za chumvichumvi: DAP, TSP, NPK, CAN na UREA. Nachukulia kwamba unapanda maharage mafupi yasiyotambaa, kama Lyamungu 90, Jesca au Selian 97, mashina matatu au manne kwa ndoo ya lita 20, na kwamba uko mahali penye ubaridi kiasi: Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya, Nairobi na kwingineko kwa namna hiyo. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, lenga miezi ya Juni hadi Agosti. Joto likipita nyuzi 30 maharage hupukutisha maua, na hilo halitibiwi na mbolea yoyote. Miezi ya joto kali huko pwani, ndoo zako zitakushukuru zaidi ukipanda kunde au choroko.

Tunapima kwa vigezo gani

Vigezo ni sita: mbolea inafanya nini kwa vinundu vya mizizi; inamfikia mmea kwa kasi gani; ina hatari gani ya kuunguza; inaufanyia nini udongo na maji ndani ya chombo; inapatikanaje na kwa gharama gani; na ina kazi na usumbufu kiasi gani nyumbani. Havina uzito sawa. Kile cha kwanza ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachoamua kama utavuna maharage au majani tu, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Vinundu na naitrojeni

Maharage yana msaidizi wake. Bakteria wanaoitwa rizobia huingia kwenye mizizi, hujenga vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa sukari. Lakini mmea haupendi kulipa bila sababu: ukikuta naitrojeni tele kwenye udongo, hujenga vinundu vichache au huacha kabisa. Hapo ndipo unapoona maharage ya kijani iliyokolea, majani mapana ya kupendeza, na maganda ya kuhesabu. Ni kweli pia kwamba katika jamii ya mikunde maharage si hodari sana wa kazi hii. Kunde na soya huyazidi. Ndiyo maana wiki za mwanzo, kabla vinundu havijaanza kazi, maharage hufaidika na naitrojeni kidogo ya kuanzia. Neno la kushika ni "kidogo".

Kwa upande wa viwandani, DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti, yaani fosforasi ya mbolea, asilimia 46. Ukitia gramu mbili na nusu kwenye ndoo, kama nusu kizibo cha soda, umetoa chini ya nusu gramu ya naitrojeni na zaidi ya gramu moja ya fosfeti. Ni mgao unaoyafaa maharage, kwa sababu fosforasi ndiyo hasa inayohitajika kujenga mizizi, vinundu na maua. TSP haina naitrojeni kabisa, inabeba fosfeti asilimia 46, na ni chaguo zuri pale ambapo udongo wako tayari una rutuba ya mboji. UREA yenye asilimia 46 ya naitrojeni, na CAN yenye asilimia 26 au 27, ni mbolea za kukuzia mahindi na mboga za majani. Kwenye ndoo ya maharage zina nafasi ndogo mno.

Samadi nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho. Watu wengi hudhani ni "laini" kwa hiyo haiwezi kuzidi. Chukua lita tano za samadi kavu ya ng'ombe, kiasi cha robo ndoo, uzito wa kilo mbili hivi. Hata ikiwa na naitrojeni asilimia moja tu, humo kuna gramu 20. Nyingi imefungwa na haitoki msimu huu, lakini hata ikitoka sehemu ya kumi ni gramu mbili, mara nne ya ile nusu kizibo cha DAP. Uzuri wake ni kwamba inatoka polepole, kwa hiyo vinundu havizimwi ghafla. Mbolea ya kuku ni habari nyingine. Ina naitrojeni asilimia tatu au zaidi, inaachia haraka, na kwa maharage huleta matokeo yaleyale ya UREA: majani.

Usikisie, ng'oa mmea mmoja unapoanza kutoa maua. Mwagilia kwanza, chomoa taratibu na udongo wake, uuoshe kwenye beseni la maji. Utaona vipunje vidogo vya mviringo vimeshikilia pembeni mwa mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha waridi au chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijivu au cha kijani, hakifanyi. Uvimbe usiobanduka kwa kidole, ambao ni mzizi wenyewe umefura, si kinundu. Huo ni ugonjwa wa minyoo fundo, na udongo wa ndoo hiyo usiurudie kwa maharage.

Vinundu visipokuwepo kabisa, mara nyingi chanzo ni udongo. Ule uliotolewa kwenye shimo la msingi wa nyumba hauna rizobia wa maharage. Waweza kuchanganya viganja viwili vya udongo kutoka shamba ambalo maharage yalistawi bila magonjwa, au kupaka mbegu unga maalumu wenye bakteria hao; Kenya unauzwa kwa jina la Biofix, na hakikisha pakiti imeandikwa ni ya maharage, kwa maana ile ya soya ina bakteria wengine. Mbegu iliyopakwa isiguse DAP wala isianikwe juani.

Kasi

Mbolea ya viwandani huyeyuka na maji ya kwanza. Mmea unaoonyesha upungufu wa naitrojeni, majani ya chini yakigeuka njano mapema, hupata nafuu ndani ya siku chache. Kwa zao linalotoa maganda mabichi baada ya siku 50 hivi, na makavu ndani ya miezi mitatu hivi, siku chache zina maana.

Samadi na mboji husubiri vijidudu vya udongo vizivunje. Penye joto na unyevu kazi huenda vizuri. Njombe au Limuru mwezi Julai hujikokota. Ukitaka mbolea ya asili ifanye kazi msimu huu, ichanganye na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, na uweke unyevu. Ukiitia juu baada ya mmea kudhoofika, utakuwa umelisha msimu ujao. Chai ya samadi, yaani samadi iliyoiva na kulowekwa kwenye maji kisha ikachujwa na kuongezwa maji hadi ifanane na chai ya rangi, huleta nafuu ya haraka kidogo.

Hatari ya kuunguza

Hapa ndoo haisamehi, na pande zote mbili zina makosa yake.

Mbolea za viwandani ni chumvi, na DAP hutoa pia amonia inapoyeyuka, inayodhuru mbegu iliyo karibu. Dalili utaziona: ncha na kingo za majani zinakauka kuwa kahawia, na ukungu mweupe wa chumvi unajitokeza juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo. Kosa huanzia kwenye kipimo. Wengi wamefundishwa kutia kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo la mahindi. Kizibo kilichojaa DAP ni gramu tano au sita. Sasa fikiria hivi: mkulima anayetia mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari anatoa gramu 12 kwa kila mita ya mraba. Mdomo wa ndoo ya lita 20, kwa eneo lake, ungestahili chini ya gramu moja. Kwa kuwa kwenye ndoo tunabana mashina na maji hutiririka chini, twaweza kupandisha hadi nusu kizibo, kwa ndoo nzima, kwa msimu mzima. Chimba mfereji mdogo kandokando ya ndoo, kina cha vidole vitatu na umbali wa sentimita tano kutoka kwenye mbegu, tia, fukia, mwagilia. Ukiona umezidisha, mwagilia maji mengi yapite na kutoka chini mara mbili tatu. Chumvi nyingi itatoka nayo.

Samadi huunguza ikiwa mbichi. Rundo linalochemka ndani, au linalotoa harufu kali ya amonia inayochoma pua, halijaiva. Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo, kiache kwa dakika kadhaa, kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, subiri. Ikiwa tayari, samadi hunuka udongo wa mvua na huwezi tena kutambua majani ya malisho ndani yake. Mbolea ya kuku wa nyama inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu huja imechanganyika na maranda ya mbao au pumba za mpunga. Maranda ambayo hayajaoza hufanya kinyume cha kuunguza: vijidudu vinavyoyala hunyang'anya naitrojeni ya udongo, na miche inakuwa ya njano huku mwenye bustani akijua ametia mbolea kali. Iozeshe miezi miwili au mitatu, na usizidishe sehemu moja kwa sehemu nane za udongo.

Udongo na maji

Kigezo hiki kinaiegemea mbolea ya asili, na haifai kulificha hilo. Ndoo iliyoko juani hukauka ndani ya siku. Samadi iliyoiva na mboji hushika maji kama sifongo, na hufanya udongo wa mfinyanzi uache kuganda na wa kichanga uache kupitisha maji ovyo. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, na ule wa majivu ya volkeno wa Kilimanjaro, Arusha na Mbeya, una tabia ya kuikamata fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati. Mabaki ya viumbe hulegeza mshiko huo.

DAP haishiki maji wala hailegezi udongo. Ukiitumia peke yake misimu mfululizo kwenye ndoo ileile, udongo hugandamana, na mbolea zenye amonia huongeza uchachu (asidi). Lakini haibebi mbegu za magugu, haileti funza wa mizizi, na haijazi ndoo kitu ambacho kitaoza na kushusha kimo cha udongo vidole vinne kabla ya mavuno. Kwa ndoo zenye maranda ya nazi au udongo wa kununua uliokwisha kuchanganywa vizuri, ubora wa udongo tayari upo, na faida ya samadi kwenye kigezo hiki inapungua.

Gharama na upatikanaji

Mfuko wa kawaida wa DAP ni kilo 50. Mwenye ndoo kumi hana kazi nao. Maduka mengi ya pembejeo hupima kwa kilo, na kilo moja kwa nusu kizibo hutosha ndoo zaidi ya 300. Gawaneni na majirani. Changamoto ya kupimiwa ni kwamba hujui kilichomo, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemwamini na uangalie mfuko uliofunguliwa umeandikwa nini. Ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, kwani hunyonya unyevu na kuganda, na iwe mbali na watoto na chumvi ya jikoni.

Samadi kijijini ni ya kuomba. Mjini bei yake ni bei ya usafiri: bodaboda au bajaji ya kukuletea viroba viwili inaweza kuzidi thamani ya mzigo. Anayeweza kutengeneza mboji nyumbani kwa maganda ya ndizi, majani ya chai na mabaki ya mboga analipa kwa muda tu. Ugali na mchuzi visiingie humo, vitaita panya.

Kati ya pande hizi mbili kuna mbolea ya Minjingu, fosfeti inayochimbwa katika kijiji cha Minjingu wilayani Babati, iliyotokana na mabaki ya viumbe wa ziwa la kale. Mwamba uliosagwa tu huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Ndani ya ndoo iliyojaa mboji na majivu huwa mzito kuyeyuka, kwa hiyo usitegemee muujiza wa haraka.

Kazi, harufu, usalama

Mbolea ya dukani haina harufu na kazi yake inaisha kwa dakika tano. Samadi ina uzito, ina inzi ikiwa mbichi, na kwenye ghorofa itakugombanisha na majirani. Kwa usalama wa chakula: ukila maganda mabichi au majani ya maharage kama mboga, samadi iwe imeiva kweli, ikae chini ya udongo, na mboga ioshwe na kupikwa. Mbolea ya dukani ina usalama wake wa kuangalia pia: nawa mikono, usipimie kwa kijiko cha chakula, na maji yanayotoka chini ya ndoo yasielekezwe kwenye kisima.

Na kuchanganya je?

Inaruhusiwa, na kwa udongo mwekundu uliochoka ndiyo njia ninayoiona ina mantiki zaidi: udongo sehemu tatu, samadi iliyoiva sehemu moja, na TSP nusu kizibo kwa ndoo. Samadi inashughulikia maji, potasiamu na naitrojeni ya polepole. TSP inaziba pengo la fosforasi. Kuchanganya kunakoharibu ni kule kwa kujihami, robo ndoo ya samadi, kizibo cha DAP, kisha CAN wiki ya tatu na busta ya majani juu yake. Majivu ya kuni yana potasiamu na hupunguza uchachu, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo, lakini usiyachanganye pamoja na samadi mbichi, DAP, CAN au UREA kwa wakati mmoja. Yatafukuza naitrojeni ipae kama amonia.

Chagua kwa hali yako

Una ng'ombe au mbuzi, au jirani anao, na una muda wa kuozesha: samadi inatosha. Sehemu moja kwa tatu za udongo, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Huhitaji kununua kitu mpaka vinundu na maua vikuonyeshe pungufu.

Unaishi kwenye ghorofa, huna pa kuozeshea na huwezi kubeba viroba ngazini: nunua udongo mzuri uliochanganywa mara moja, kisha tumia DAP nusu kizibo kwa ndoo wakati wa kupanda. Maganda yakianza kujaa na kingo za majani ya zamani zikaungua taratibu, hiyo ni dalili ya upungufu wa potasiamu. Msimu ujao tumia NPK ya 17-17-17, ambayo ina potasiamu pia, kwa kipimo hichohicho badala ya DAP.

Huwezi kumwagilia kila siku, labda kwa sababu maji ni ya mgao: egemea asili, na tandaza majani makavu juu ya udongo. Chumvi za mbolea hukolea udongo unapokauka, na hapo ndipo mizizi huungua.

Una mbolea ya kuku pekee: ipe mchicha na sukuma wiki kwanza. Maharage yafuate kwenye udongo huohuo msimu wa pili, bila nyongeza ya naitrojeni.

Unataka majani ya maharage kwa ajili ya mboga zaidi ya punje: hapa kanuni ya naitrojeni inalegea, na mbolea ya kuku iliyoiva au CAN kijiko cha chai kwa ndoo, nusu sasa na nusu baada ya wiki mbili, itakupa majani mengi. Tenga ndoo hizo na zile za kuvuna maharage.

Umetumia DAP misimu kadhaa na udongo umekuwa mgumu: mwaga ndoo, vunja udongo, changanya robo ya mboji, na msimu huo usitie kitu kingine.

Umetumia samadi misimu kadhaa, mimea ni mikubwa lakini maua haba: acha samadi msimu mmoja, jazia kimo kwa udongo wa kawaida, tia TSP nusu kizibo, na ng'oa mmea mmoja wakati wa maua uangalie rangi ya vinundu.